Pua ya Panya na Kifua cha Mchimbaji wa Sekenke

Msafiri atokaye Singida kwenda Nzega huupita Mlima Sekenke, katika Wilaya ya Iramba, mlima ambao kwa miaka mingi madereva wa malori waliuogopa kwa kona zake na kwa mteremko wake unaoelekea mbuga ya Wembere. Wengi huupita bila ya kujua kwamba ardhi ile ina historia ndefu kuliko ya barabara. Hapo Sekenke Wajerumani walichimba dhahabu kabla ya Vita Kuu ya Kwanza; na katika mwaka 1916, walipokuwa wamezingirwa na majeshi ya adui na hawana njia ya kupata fedha kutoka kwao, dhahabu ya Sekenke ndiyo waliyoichukua wakaifanya sarafu za rupia 15 katika karakana ya reli mjini Tabora. Sarafu hizo, zenye picha ya tembo, hutafutwa mpaka leo na wakusanyaji wa vitu vya kale huko ng'ambo, nao huzinunua kwa bei ghali.

Wajerumani waliondoka. Waingereza waliokuja baada yao wakachimba, nao wakaondoka. Dhahabu haikwisha. Leo wanaoichimba ni ndugu zetu, wachimbaji wadogo, wenye nyundo na patasi, wanaoteremka ndani ya maduara kwa kamba na kulisha mawe katika makarasha. Lakini katika safu yetu ya leo hatukusudii kuzungumza juu ya dhahabu. Tunakusudia kuzungumza juu ya kile ambacho mchimbaji hubaki nacho kifuani mwake baada ya dhahabu kwisha kuuzwa, na juu ya kiumbe mmoja anayedharauliwa, naye ni panya, ambaye huko Morogoro amefundishwa kazi ya kuwatafuta wagonjwa wa kifua kikuu waliokoswa na macho ya binadamu. Neno letu ni hili: panya yule ametimiza wajibu wake. Sehemu iliyobaki ni ya watu, na hasa ya watu wenye madaraka, Bara na Visiwani.

Tuanze na kifua chenyewe. Dhahabu ya Sekenke imo ndani ya mishipa ya jiwe gumu, jiwe la kwatzi. Jiwe hilo linapotobolewa na kupondwa likiwa kavu, hutoa vumbi laini lenye silika. Chembe zake ni ndogo mno hata jicho haliwezi kuziona, nazo huvutwa pamoja na hewa mpaka mwisho wa mapafu. Huko hazitoki. Hutia makovu katika mapafu mwaka baada ya mwaka, mpaka mtu aliyekuwa akibeba viroba viwili akawa hawezi kupanda kilima mikono mitupu. Maradhi hayo huitwa silikosi, nayo hayana dawa ya kuyaponya. Fauka ya hayo, pafu lililotiwa makovu na vumbi ni nyumba iliyovunjika mlango kwa kijidudu cha kifua kikuu. Mtu mwenye silikosi huwa katika hatari ya kuugua kifua kikuu mara tatu au zaidi kuliko mtu mwingine. Ongeza juu ya hayo mashimo yasiyo na hewa, vibanda vya turubai ambamo watu hulala wengi pamoja, na desturi ya wachimbaji ya kuhama mara tu isikikapo habari ya mahali penye dhahabu mpya. Hapo utaona jinsi machimbo yanavyoweza kuwa shamba la kuotesha ugonjwa huu na kuusambaza nchi nzima.

Tabu iliyo kubwa ni kwamba kikohozi cha vumbi na kikohozi cha kifua kikuu hufanana. Mchimbaji hukohoa akasema, "Ni vumbi tu." Hununua dawa ya maji dukani, hurudi shimoni. Akizidiwa huenda kwenye zahanati, hutoa makohozi, na makohozi hutazamwa. Ikiwa vijidudu vimeonekana, hupewa dawa, na dawa za kifua kikuu katika nchi yetu hutolewa bure katika vituo vya serikali. Walakini ikiwa havikuonekana, huambiwa kwamba hana kitu. Naye huondoka kwa furaha, akiwa na barua ya ruhusa, kwa namna ya kusema, ya kuendelea kuwaambukiza wenzake.

Kwa nini vijidudu visionekane ilhali vipo? Jibu limo katika chombo chenyewe. Tangu Robert Koch alipotangaza ugunduzi wa kijidudu hiki tarehe 24 Machi 1882, hadubini imekuwa ndiyo silaha ya maskini katika vita hivi. Ni silaha njema, rahisi, na isiyohitaji mengi. Lakini ili mtaalamu akione kijidudu kwa hadubini, sharti viwepo maelfu, kiasi cha 5,000 hadi 10,000 katika kila mililita moja ya makohozi. Mgonjwa ambaye ugonjwa wake ndio kwanza unaanza, mtoto mdogo asiyeweza kukohoa kutoka kifuani, na mtu mwenye virusi vya ukimwi, aghalabu hawafikishi idadi hiyo. Tena mtaalamu naye ni binadamu. Vipande vya kioo vikiwa vingi mezani na siku ikiwa ndefu, jicho huchoka.

Hasara yake si ndogo. Kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani, katika mwaka 2023 watu milioni 10.8 duniani waliugua kifua kikuu, lakini waliogunduliwa na kuandikishwa ni milioni 8.2. Waliokufa ni milioni 1.25. Maana yake ni kwamba zaidi ya watu milioni 2 waliugua bila ya jina lao kuingia katika daftari la hospitali yoyote. Shirika hilo hilo limekuwa likieleza kwamba mgonjwa mmoja asiyetibiwa anaweza kuwaambukiza watu 5 hadi 15 katika mwaka mmoja. Msomaji na afanye hesabu mwenyewe. Mgonjwa aliyeambiwa kimakosa kwamba ni mzima si mtu mmoja aliyekosewa. Ni kitongoji kizima.

Tanzania si mgeni katika vita hivi, wala si mwanafunzi tu. Mpango wa Taifa wa Kifua Kikuu na Ukoma ulianzishwa mwaka 1977, mwaka ule ule ambao TANU na ASP ziliungana. Ndani ya mpango huo Daktari Karel Styblo na wenzake wa Kitanzania walijenga utaratibu wa kumpa mgonjwa dawa kwa muda mfupi, kumwangalia anapozimeza, na kumfuata mpaka apone. Baadaye utaratibu huo ulienezwa na Shirika la Afya Duniani katika nchi nyingi. Kabla yake kidogo, mwaka 1973, wananchi wetu walikusanyika penye redio, vijijini na mijini, kusoma na kujadiliana katika kampeni ya Mtu ni Afya. Tunayakumbusha haya ili ieleweke kwamba nchi yetu imezoea kutafuta njia zake yenyewe, na kwamba njia hizo zilifaulu pale zilipokuwa za watu na si za ofisi peke yake.

Sasa tumtazame panya. Lipo shirika liitwalo APOPO, lililoanzishwa Ubelgiji mwaka 1997 na Bart Weetjens, mtu ambaye alipokuwa mtoto alipenda kufuga panya. Kusudi lake la kwanza lilikuwa kutafuta njia rahisi ya kugundua mabomu yaliyofukiwa ardhini. Mwaka 2000 shirika hilo lilihamishia kazi yake Morogoro, likashirikiana na Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine na Jeshi la Wananchi wa Tanzania. Mnyama waliyemchagua ni wa kwetu: panya buku, mwenye mkia mrefu na vifuko vya kuwekea chakula mashavuni, mwenye uzito wa kilo moja hivi, na anayeweza kuishi miaka hadi 8 akitunzwa vizuri. Macho yake ni dhaifu, lakini pua yake ni kali kupita kiasi. Naye ni mwepesi, haliamshi bomu akilikanyaga. Panya waliofunzwa Morogoro walisaidia kusafisha ardhi ya Msumbiji, nchi iliyotangazwa mwaka 2015 kuwa imemaliza kuondoa mabomu yake yaliyojulikana. Mmoja wao, aliyeitwa Magawa, aliyezaliwa Tanzania na kufanya kazi Kambodia, alipewa nishani ya dhahabu na shirika moja la Uingereza mwaka 2020 kwa ushujaa wake, kabla ya kufa Januari 2022.

Pua iliyoweza kunusa baruti chini ya udongo, kwa nini isiweze kunusa ugonjwa ndani ya kikombe? Kijidudu cha kifua kikuu kinapoishi hutoa harufu zake, harufu ambazo pua ya mtu haiwezi kuzipambanua. Kazi ya kuwafunza panya kuzitambua ilifanyiwa utafiti kwa miaka kadhaa, na tangu mwaka 2007 makohozi ya wagonjwa kutoka vituo vya afya yalianza kupelekwa kwa panya kwa utaratibu maalumu, kwanza kutoka Dar es Salaam na Morogoro. Baadaye kazi hiyo ilifika Msumbiji na Ethiopia.

Mafunzo yenyewe yanastahili kuelezwa, kwa kuwa hayana uchawi wala miujiza. Mtoto wa panya huchukuliwa mara macho yake yafumbukapo, akiwa na umri wa wiki nne au tano, akazoezwa kushikwa na watu na kusikia kelele za dunia. Kisha hufundishwa kwamba mlio mfupi wa kidude kinachobonywa maana yake ni chakula, na chakula hicho ni ndizi iliyopondwa pamoja na karanga. Baada ya hapo hufundishwa kwamba mlio huo huja tu pale anapoitambua harufu inayotakiwa. Hatua kwa hatua, kwa miezi 9 hivi, mwanafunzi huyo huongezewa ugumu mpaka ahitimu. Asiyefaulu mtihani hapewi kazi. Laiti kila ofisi ingeshika kanuni hiyo!

Siku ya kazi, panya huingizwa katika sanduku lenye matundu 10 katika sakafu yake. Chini ya kila tundu kimewekwa kikombe cha makohozi ambayo yamekwisha kutiwa moto ili vijidudu vife visije vikamdhuru panya wala mtu. Panya hupita tundu baada ya tundu. Akiikuta harufu ya ugonjwa husimamisha pua yake juu ya tundu hilo kwa sekunde 3, na mara nyingi huparuza kwa miguu. Miongoni mwa vikombe hivyo viko ambavyo wataalamu wanajua hakika kwamba vina ugonjwa. Akivitambua hivyo hupewa zawadi yake, na kwa hivyo hivyo hupimwa kama angali makini. Kwa hesabu ya shirika lenyewe, panya mmoja huweza kupitia vikombe 100 katika dakika 20, kazi ambayo mtaalamu mwenye hadubini huweza kuifanya kwa siku 4.

Hapa tunamsihi msomaji asikilize kwa makini, kwa kuwa wengi hupotoka mahali hapa. Panya hamwandikii mtu ugonjwa. Kwanza kituo cha afya hufanya kipimo chake cha kawaida. Makohozi yaliyosemwa kuwa hayana kitu hupelekwa kwa panya ili yatazamwe mara ya pili. Panya akikitilia shaka kikombe, kikombe hicho hurudi kwa wataalamu wa maabara, nao hukipima upya kwa njia iliyo bora zaidi. Vijidudu vikionekana ndipo kituo kinapoarifiwa, na ndipo mgonjwa anapotafutwa. Kwa ufupi, panya huleta shaka, na binadamu huleta uthibitisho. Ni mgawanyo wa kazi ulio safi.

Je, kuna faida? Upo utafiti wa Dakta Georgies Mgode wa Chuo Kikuu cha Sokoine na wenzake, uliochapishwa mwaka 2018, juu ya watoto wadogo wa umri wa miaka 5 na chini yake waliofikishwa katika vituo vya Dar es Salaam na Morogoro. Watoto waliopimwa walikuwa 982. Vituo viliwagundua wagonjwa 34. Panya, pamoja na uthibitisho wa maabara, wakawaongeza 23. Hilo ni ongezeko la asilimia 67.6. Mtaalamu wa takwimu ataisoma asilimia, lakini sisi twawatazama wale 23. Ni watoto ambao wazazi wao walikwisha kuwapeleka kituoni, walikwisha kupanga foleni, walikwisha kufanya kila ambalo serikali inamtaka mwananchi afanye, na bado ugonjwa ungewarudisha nao nyumbani. Kama si pua ya mnyama mmoja, wasingejulikana.

Ni haki pia kueleza mipaka ya jambo hili, kwa kuwa kusifu kupita kiasi huharibu kazi njema. Shirika la Afya Duniani halijamweka panya katika orodha ya vipimo linavyovipendekeza, na nchi haiwezi kumfanya kuwa kipimo cha kwanza wala cha mwisho. Panya huonyesha pengine kikombe kisicho na ugonjwa. Hawezi kusema kama kijidudu kimekuwa sugu kwa dawa, jambo ambalo mashine ya GeneXpert, iliyopendekezwa na Shirika hilo mwishoni mwa mwaka 2010, huweza kulitambua kwa dawa moja iliyo muhimu. Kwa hiyo afisa atakayesema "tuna panya, hatuhitaji mashine" atakuwa amepotea, na atakayesema "tuna mashine, hatuhitaji panya" hajatazama hesabu. Mashine ni ghali, huhitaji vifaa vinavyoagizwa nje, na hufanya kazi kwa kikombe kimoja kimoja. Panya hula ndizi na karanga za hapa hapa, na nguvu yake imo katika wingi. Mahali penye maelfu ya vikombe vilivyosemwa havina kitu, yeye ndiye anayeweza kusema ni vipi virudiwe. Busara ni kuvitumia vyote viwili, kila kimoja mahali pake.

Bila shaka wako katika wasomaji wetu wa Visiwani watakaouliza: panya tena? Sisi sote tuliopita chuoni kabla ya kwenda skuli tulifundishwa kwamba panya ni katika wanyama waharibifu ambao hata mwenye kuvaa ihramu ameruhusiwa kuwaua. Ni kweli. Lakini chuoni humo humo tulifundishwa pia kwamba mnyama aliyefunzwa ana hukumu yake mbali na asiyefunzwa, na ndiyo maana windo la mnyama aliyefunzwa likaruhusiwa kuliwa kwa masharti yake. Hatutoi fatwa, kwani wenye elimu hiyo wapo. Tunasema tu kwamba elimu humwinua hata kiumbe aliye duni, seuze binadamu. Tena mgonjwa hakutani na panya, wala panya hagusi chakula, nguo wala kitanda cha mtu. Anachokutana nacho ni kikombe kilichotiwa moto, ndani ya maabara. Dunia nayo imekwenda njia hiyo hiyo kwa wanyama wengine. Mwaka 2020 uwanja wa ndege wa Helsinki, Finland, uliwatumia mbwa kunusa maradhi ya korona kwa wasafiri.

Na hasa sisi wa Visiwani hatuna sababu ya kushangaa, kwa kuwa tumekwisha kuona jambo kama hili kwa macho yetu. Nani asiyekumbuka mbung'o wa Unguja, aliyekuwa akiwaua ng'ombe wetu? Dawa na mitego ilimpunguza, haikummaliza. Kilichomaliza kazi ni mbung'o mwenyewe. Madume yalifugwa kwa maelfu huko Tanga, yakaondolewa uwezo wa kuzaa kwa mionzi, yakaletwa na kumwagwa kwa ndege juu ya kisiwa tangu mwaka 1994. Mbung'o wa mwisho wa porini alinaswa mwaka 1996, na mwaka uliofuata Unguja ikatangazwa kuwa imesafika. Mdudu adui alifanywa askari. Kiumbe alifugwa Bara, faida ikaonekana Visiwani. Basi yaliyowezekana kwa ajili ya ng'ombe yanawezekana kwa ajili ya watu.

Lakini Visiwa vina haja gani na Sekenke? Haja ipo, na ni ya kila siku. Boti huvuka kutoka Malindi kwenda Dar es Salaam na kurudi asubuhi na jioni. Vijana wetu huenda Bara kutafuta riziki mahali popote penye riziki, na vijana wa Bara huja kwetu kujenga mahoteli na kufanya biashara. Mtu aliyekuwa akilisha karasha Iramba mwaka jana huweza mwaka huu akawa anachanganya zege Nungwi au Paje, analala chumba kimoja na wenzake watano, akikohoa usiku. Kijidudu hakina kitambulisho cha mkaazi. Hapo ndipo tunapotaka maofisa watege sikio. Afya si jambo la Muungano. Bara ina Wizara yake na mpango wake, na Zanzibar ina Wizara yake na mpango wake. Huo ni utaratibu wa kikatiba, wala hatuubishi. Lakini matibabu ya kifua kikuu kwa kawaida ni ya miezi 6, na mtu wa kazi za kuhamahama hakai mahali pamoja miezi 6. Akianza dawa upande mmoja na kuzikatiza upande wa pili, ugonjwa hurudi ukiwa sugu. Wahenga walisema panya wengi hawachimbi shimo. Hapa panya ni mmoja na anachimba vizuri. Kinachohitajika ni kwamba ofisi zetu nyingi zichimbe shimo moja.

Kwa hayo yote, tunayo mapendekezo tunayotaka yafike kwa wahusika.

La kwanza ni kwa viongozi wa Wilaya ya Iramba na Mkoa wa Singida, na wa kila wilaya yenye machimbo madogo. Msimngoje mchimbaji zahanati. Mfuateni kwenye duara. Siku ya kukusanya makohozi na itangazwe, mabwana afya wafike alfajiri kabla watu hawajateremka, na wenye leseni na wasimamizi wa maduara wawajibike kuwaleta watu wao kama wanavyowajibika kulipa ushuru. Makohozi yakisemwa hayana kitu, yasimwagwe. Yapelekwe kutazamwa mara ya pili. Kutoka Sekenke mpaka Morogoro ni zaidi ya kilomita 500, lakini ni barabara ambayo mizigo ya kila namna huipita usiku na mchana. Nchi inayoweza kuteremsha vitunguu vya Singida mpaka sokoni Dar es Salaam kabla havijaoza haishindwi kupeleka sanduku la vikombe, likifungwa na kusafirishwa kwa kanuni za usalama. Si lazima kila wilaya ifuge panya. Inatosha vikombe viwafuate panya walipo.

La pili, na ndilo zito kuliko yote, ni kumpata mtu. Panya akitambua, maabara ikathibitisha, na jibu likafika kituoni likakuta mchimbaji amekwisha hamia machimbo mengine, kazi yote imekuwa bure. Kila kikombe kiandikwe jina, namba ya simu, duara analochimba, na jina la jamaa anayejua alipo. Wako watu waliougua wakapona. Hao wapewe posho na baiskeli wawe ndio wa kuwatafuta wenzao, kwa kuwa mgonjwa humsikiliza mtu aliyepita njia yake kuliko karatasi yenye muhuri. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini wengi hawafichi kwa ujinga. Huficha kwa kuogopa kufukuzwa shimoni na kukosa mkate. Mwenye leseni atakayemfukuza mtu kwa sababu anatumia dawa na achukuliwe hatua.

La tatu ni vumbi. Kumtafuta mgonjwa na kuliacha vumbi lililomuuguza ni sawa na kukausha sakafu na bomba li wazi. Jiwe litobolewe na kupondwa likiwa limelowana. Makarasha yawekwe mbali na vibanda vya kulala. Maji ni shida katika sehemu nyingi za Singida, tunajua, na kwa sababu hiyo hasa jambo hili haliwezi kuachiwa mchimbaji mmoja mmoja. Ni jambo la serikali na la vyama vya ushirika vya wachimbaji. Dhahabu hulipiwa mrabaha. Sehemu ya mrabaha huo na irudi Iramba ikiwa maji.

La nne ni letu sote, Bara na Visiwani. Wizara mbili zikae zikubaliane juu ya cheti kimoja cha mgonjwa wa kifua kikuu, kitakachotambuliwa Mnazi Mmoja kama kinavyotambuliwa Kiomboi, ili mtu avukapo bahari dawa zake zisikatike hata siku moja. Hali kadhalika wataalamu wa maabara ya afya ya jamii iliyopo Wawi, Pemba, na wenzao wa Unguja wakae na wale wa Morogoro wajaribu: vikombe vya Visiwani vilivyosemwa havina kitu vitazamwe na panya kwa muda maalumu, na matokeo yatangazwe hadharani. Ikiwa wagonjwa zaidi watapatikana, njia itakuwa imejulikana. Ikiwa hawatapatikana, nayo ni habari njema, na gharama yake haikuwa kubwa.

Yatasemwa kwamba hakuna fedha. Sisi twajibu kwamba gharama ya mgonjwa asiyejulikana hulipwa vile vile, isipokuwa hulipwa na mkewe, na watoto wake, na kitongoji chake, pole pole, bila ya stakabadhi. Yatasemwa kwamba jambo hili ni la wageni wenye misaada. Twajibu kwamba panya ni wa kwetu, chuo kikuu ni chetu, wanaowafunza wengi ni vijana wetu, na wagonjwa ni wetu. Misaada ya wageni huja na kuondoka, kama walivyokuja na kuondoka wale waliochimba Sekenke kabla yetu, nao hawakumwachia mchimbaji ila mashimo. Kazi hii isije ikategemea mifuko ya watu wengine mpaka siku mfuko utakapofungwa tukabaki tukiwatazama panya.

Tulipopata uhuru wetu na tulipofanya Mapinduzi, tuliwataja maadui watatu: ujinga, maradhi na umaskini. Kwa mchimbaji wa Sekenke maadui hao hawaji mmoja mmoja. Umaskini humteremsha shimoni, ujinga humfanya aseme ni vumbi tu, na maradhi humaliza kazi. Mnyama asiyejua kusoma amefundishwa kwa miezi 9 akaweza kumtambua adui wa tatu ndani ya sekunde 3. Maofisa wetu wamesoma miaka mingi zaidi ya hiyo. Tunangoja kusikia kutoka kwao ni siku gani sanduku la kwanza la vikombe litaondoka Sekenke, na ni nani aliyepewa kazi ya kulirudisha jibu mpaka kwenye duara.